Rubí sijamsamehe, lakini mguu wake ungeachwa

Swali lenu la juma hili lilikuwa hili: je, yuko mwanamke mwovu wa tamthilia uliyemchukia utotoni ambaye leo, ukizingatia alikotoka, ungemsamehe? Nilishika kalamu nikiwa na hakika kwamba nitajibu ndiyo, na kwamba mwanamke huyo ni Rubí, yule wa novela ya Meksiko ya mwaka 2004 aliyechezwa na Bárbara Mori. Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tulimtazama kwa Kifaransa, huku watoto tuliokwisha kuanza shule tukiwatafsiria mama zetu kila neno kwa Kiswahili, tena kwa sauti, na aliyechelewa kutafsiri aligombezwa.

Utetezi wake nilikuwa nao tayari. Rubí analelewa katika umaskini na mama yake, Refugio, na dada yake mkubwa, Cristina, anajinyima ili mdogo wake asome chuo kikuu cha watoto wa matajiri. Kila siku anashinda na watu ambao hawajui bei ya kitu chochote, na kila jioni anarudi kwenye nyumba ambayo anaona haya kuwaonyesha. Yeyote aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya minerivali, yaani karo ya shule, anaijua haya hiyo. Isitoshe, mwanamume anayeoa kwenye mali hapa kwetu huitwa mwenye akili, lakini msichana akifanya hivyo jina lake linachafuka mtaa mzima. Hata watengenezaji wenyewe, walipoirudia hadithi hiyo mwaka 2020 wakimtumia Camila Sodi, walimpa Rubí nafasi ya kumsimulia mwandishi wa habari maisha yake kwa kinywa chake.

Nilipofika hapo nikakumbuka jioni ya sehemu ya mwisho, na tangu nilipoikumbuka sijaweza kuendelea na utetezi ule kama nilivyoukusudia.

Tulikuwa Birere, mtaa wa Goma, katika nyumba ya mbao ya shangazi yangu, iliyojengwa juu ya makoro, yaani mawe ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka mwaka 2002. Jenereta ilikuwa nje, imefunikwa bati, na moshi wake uliingia kwa mlango kila upepo ulipogeuka. Watu wazima walikuwa kwenye viti na madumu, sisi watoto kwenye mkeka. Karibu nami alikaa binti wa jirani, aliyenizidi kama miaka miwili, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umekonda na kupooza tangu utotoni, na ambaye alitembea kwa gongo moja. Sisi watoto wa avenyi ile tulikuwa tumempa jina la Maribel. Msomaji aliyeitazama novela ile anakumbuka kwamba Maribel, rafiki tajiri wa Rubí, alipoteza mguu katika ajali na kuvaa mguu wa bandia, na kwamba Héctor alimpenda akamchumbia, kabla Rubí hajamnyang'anya. Jina hilo hatukulitoa kwa kumcheka, na yeye alilipenda. Ilikuwa mara ya kwanza tuone kwenye televisheni mtu mwenye mguu kama huo akiwa mrembo, mwenye nguo nzuri, anayetafutwa na mwanamume. Alianza hata kusuka nywele zake kama alivyodhani Maribel angezisuka, na mama yake alimwachia.

Sehemu ya mwisho ikafika mahali ambapo Rubí anaanguka, uso wake unaharibika, na mguu wake unakatwa. Nyumba nzima ilipiga makofi. Shangazi yangu alisimama akasema, "Mungu halipi kwa fimbo," na mama mmoja akapiga vigelegele kama vya harusi. Mimi nilipiga kelele kuliko wote, na nilimgusa yule binti begani ili ashangilie nami. Hakushangilia. Alikuwa amevuta kitenge chake kutoka kiunoni akafunika miguu yote miwili, na mikono yake aliiweka juu ya kitenge, akaendelea kutazama hadi majina ya mwisho yalipopita. Asubuhi nilimwita Maribel, akaniambia, bila hasira yoyote, nimwite kwa jina lake.

Kwa miaka mingi nimewaona watu wenye vilema wakivusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Rwanda, wakilisha nyumba zao na nyumba za waliowaajiri, na kila mara nimekumbuka kitenge kile. Kilichonishinda kukisamehe katika novela ile ni kwamba waandishi walichukua mwili wa Maribel, ambao walikuwa wametufundisha kuupenda, wakaufanya kuwa adhabu ya mwovu.

Lakini nikimwonea huruma Rubí kwa adhabu hiyo, siwezi kusema kwamba umaskini ndio uliomfanya amtende rafiki yake vile. Cristina alikulia nyumba ile ile na mama yule yule, na hakumwibia mtu. Maribel naye hakuwa mlango wa benki. Alikuwa rafiki aliyempa Rubí nguo zake na siri zake, kisha siku ya harusi yake mwenyewe akaachwa na bwana arusi aliyetoroka na rafiki huyo. Nilipoanza kuandika nilimwona Maribel kama tajiri asiye na shida, na sasa naona aibu, kwa maana hivyo ndivyo Rubí mwenyewe alivyomwona.

Basi jibu langu ni hapana, simsamehi, ingawa huenda binti wa miaka ishirini anayeitazama leo kwenye simu yake, bila mkeka na bila mtu wa kumgusa begani, akaona vingine, nami sitabishana naye. Ningetaka tu Rubí aachwe na miguu yake miwili na uso wake mzima, akae katika nyumba kubwa aliyoitaka, Cristina akiwa amechoka kumwandikia barua. Hilo lingenitosha, na nadhani yule binti angebaki na jina lake la Maribel muda kidogo zaidi.