Kumfikishia waziri swali la kisima kupitia mbunge

Ndugu, umeuliza kwa nini waziri husoma jibu alilokuja nalo, na kama kuna faida kumpelekea mbunge wenu habari ya kisima kilichokwama.

Bungeni Dodoma swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, ndiyo maana jibu huja limechapwa. Utamu uko kwenye maswali mawili ya nyongeza ambayo muulizaji huuliza baada ya jibu hilo. Hayo waziri hakuyaona. Basi usimwandikie mbunge malalamiko matupu. Mpe jina la kata na kijiji, mwaka mradi ulipotengewa fedha, kiasi chake, na barua ya RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) kama ipo. Akijibiwa “kadiri fedha zitakavyopatikana” (jibu linalopendwa kuliko yote!), awe na la kurusha papo hapo: fedha zilizotengwa awali zimekwenda wapi?

Alhamisi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, usihangaike na kisima kimoja. Pale huulizwa mambo ya sera.

Kama mnaweza kusubiri, mimi ningelenga Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Bajeti ya Wizara ya Maji ikipitishwa kifungu kwa kifungu, mbunge anaweza “kushika shilingi”, yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye mshahara wa waziri, mpaka apewe maelezo. Mara nyingi shilingi hurudishwa, lakini ahadi inakuwa imeingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Ipakue kwenye tovuti ya Bunge, chapisha ukurasa huo, mpelekee diwani wenu.