Nani aone, nani aandike: kushea folda nyumbani bila kufutiana kazi

SWALI: Nyumbani tuna kompyuta ya mezani yenye Windows 11 Pro. Kwenye diski D kuna picha za familia na hesabu za duka. Nilishea diski nzima, nikaweka Everyone na Full Control ili mke wangu na watoto wetu wawili wafungue kwa Wi-Fi kwenye kompyuta mpakato zao. Sasa folda ya picha za harusi imefutwa, na kwenye Recycle Bin haimo. Nilipojaribu kubana ruhusa, kompyuta ya mke wangu ikaanza kudai nywila na kuikataa, ingawa anaandika PIN ileile anayofungulia kompyuta yake kila siku. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Tuanze na picha, maana hilo halisubiri. Faili linalofutwa kupitia mtandao haliingii Recycle Bin ya kompyuta yoyote; linaondoka moja kwa moja. Usiandike kitu chochote kwenye diski D kuanzia sasa. Bofya kulia folda au diski iliyokuwa na folda hiyo iliyofutwa, fungua Properties kisha Previous Versions. Kama File History au System Protection, huduma za Windows za kutunza matoleo ya zamani, ilikuwa imewashwa kwa diski hiyo, utaona matoleo ya zamani na utaweza kuyarudisha. Kama ukurasa ni mtupu, tumia PhotoRec, programu ya bure ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, lakini iendeshe kutoka kwenye flashi na picha zitakazopatikana zihifadhi kwenye diski nyingine. Ikiwa D ni SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), uwezekano wa kufanikiwa ni mdogo, kwa sababu SSD husafisha haraka nafasi iliyoachwa na mafaili yaliyofutwa.

Sasa chanzo cha yote. Windows ina ngazi mbili za ruhusa: za kushea, zinazowekwa kwenye Sharing, na za folda yenyewe, zinazowekwa kwenye Security. Ya kwanza ni geti, ya pili ni mlango wa chumba. Anayekuja kwa mtandao hupita kote kuwili, na ruhusa iliyo finyu zaidi ndiyo inayotawala. Aliyekaa mbele ya kompyuta yenyewe hukutana na mlango tu. Kwa hiyo ubanaji wote ufanye kwenye Security. Anayebana kwenye Sharing peke yake amemzuia mtoto aliyeko sebuleni, huku akiyaacha mafaili wazi kwa yeyote atakayeketi kwenye kompyuta ya mezani.

Haya yote hayana maana kama kompyuta haijui nani ni nani. Kwenye kompyuta ya mezani, mpe kila mtu akaunti yake. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, uandike:

net user mama * /add
net localgroup wazazi /add
net localgroup wazazi mama /add

Nyota ile itakudai nywila bila kuionyesha kwenye skrini. Usiiache tupu: Windows hukataa akaunti isiyo na nywila kuingia kwa mtandao. Fanya hivyohivyo kwa watoto na kundi lao la "watoto". Akaunti inayoundwa kwa njia hii ni ya kawaida, si ya usimamizi, na ndivyo inavyotakiwa.

Akaunti yako mwenyewe nayo iingize kwenye kundi la wazazi, hata kama wewe ndiye msimamizi. Wengi huliruka hili, kisha wanashangaa kufungiwa nje ya folda zao. Programu zikiendeshwa kawaida, Windows haizipi nguvu za usimamizi ulizonazo, hivyo ruhusa iliyoandikwa kwa jina la Administrators haikusaidii mpaka ubonyeze Continue kila mara. Ukishajiingiza, toka kwenye akaunti na uingie tena, kwa sababu uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.

Ondoa ushea wa diski nzima, kisha ushee folda moja moja. Kwa D:\Picha, nenda Properties, Sharing, Advanced Sharing, weka alama ya Share this folder. Ndani ya Permissions mtoe Everyone, uweke Authenticated Users (yeyote aliyeingia kwa akaunti inayotambuliwa) wenye Change na Read. Full Control haihitajiki hapa. Inampa mtu uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe.

Kisha Security, Advanced, Disable inheritance, na uchague kugeuza ruhusa ambazo folda imezirithi kutoka diski D kuwa ruhusa za folda hii. Hatua hii ndiyo kiini cha kazi. Diski ya data kama D kwa kawaida huwapa Authenticated Users ruhusa ya Modify tangu mwanzo, na Modify inajumuisha kufuta. Ukimtoa Everyone ukaacha urithi huo, hujabadilisha kitu. Ondoa Authenticated Users, Users na Everyone; bakiza SYSTEM na Administrators; ongeza wazazi kwa Modify na watoto kwa Read & execute. Folda ya Duka ipate wazazi tu. Watoto wakihitaji mahali pa kuweka kazi zao za shule, waundie folda yao yenye Modify.

Usiwawekee watoto Deny kwenye Duka. Asiyetajwa tayari hana ruhusa, na Deny ikiwekwa kwa kundi pana kama Users itakufungia hata wewe.

Kuna mtego mmoja baadaye: faili linalohamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile linaweza kubaki na ruhusa za kule lilikotoka, wakati linalonakiliwa huchukua ruhusa za folda mpya. Ndiyo maana utakuta picha tatu hazifunguki kati ya mia. Dawa yake ni:

icacls "D:\Picha\*" /reset /T /C

Usisahau ile nyota ya mwisho. Bila hiyo, amri inafuta pia ruhusa ulizozipanga kwenye D:\Picha yenyewe.

Kuhusu mkeo: PIN hufanya kazi kwenye kifaa ilikowekwa tu, haipiti kwenye mtandao. Kwenye kompyuta yake fungua Credential Manager, Windows Credentials, ufute kumbukumbu yoyote yenye jina la kompyuta ya mezani. Kisha andika net use * /delete ili kukata miunganisho ya zamani. Usipofanya hivyo unaweza kupata kosa 1219, kwani Windows haikubali majina mawili ya mtumiaji kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja. Halafu aingie kwa NYUMBANI\mama na ile nywila uliyoweka, ambapo NYUMBANI ni jina la kompyuta ya mezani.

Kompyuta isipoonekana kabisa, hakikisha mtandao umewekwa kuwa Private, kompyuta haijalala, na hakuna aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya wageni. Jaribu pia kwa anwani, kwa mfano \\192.168.1.20\Picha, na uitengee anwani hiyo kwenye ruta isibadilike.

Utashauriwa kuzima Password protected sharing (kushea kunakodai nywila) au kuwasha SMB 1.0 (toleo la zamani la njia ya Windows ya kushea mafaili) ili "iwe rahisi". Kataa yote mawili. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017, ilisambaa kupitia udhaifu wa SMB 1.0. Mlango namba 445 (port ya kushea mafaili) kwenye ruta nao usiufungue kwa intaneti kamwe.

Mwisho, nunua diski ya nje kwa ajili ya File History, kwa sababu ruhusa hazimzuii mzazi mwenye Modify kufuta kwa bahati mbaya. Diski yenye exFAT (moja ya mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski) haina ruhusa za folda hata kidogo, kwa hiyo usiishee mtandaoni, na ichomoe kila nakala inapokamilika.