Nyaraka za programu: zije zenyewe au tuziite?

Swali: Natunza maabara ya kompyuta za Debian (aina ya Linux) hapa Ngara, pamoja na kontena kadhaa, yaani mazingira madogo yaliyotengwa ya kuendeshea programu. Diski ni ndogo na bando ni ghali. Kwa nini kila programu huja na kurasa za man (miongozo inayosomwa kwa amri ya `man`) na nyaraka ambazo hakuna anayezisoma? Nikizizuia zote kuna ubaya?

Jibu: Kwenye kontena zizuie. Kwenye maabara ziache, maana bando hutaokoa hata senti. Faili ya .deb, yaani pakiti ya programu ya Debian, hubeba nyaraka ndani yake, na dpkg, kisakinishi cha pakiti, ukiiagiza huzichuja wakati wa kuifungua, apt, inayozishusha pakiti, ikiwa imeshashusha kila kitu. Unachookoa ni diski tu, nayo ipime kwanza:

`du -sh /usr/share/doc /usr/share/man /usr/share/locale`

Usishangae ukikuta mla diski ni locale, tafsiri za lugha ambazo Ngara hazina msemaji.

Bando huokolewa na mtengenezaji wa pakiti. Debian hutenga miongozo mikubwa, kama postgresql-doc na python3-doc, nayo haishuki mpaka uiite. Alpine, Linux nyingine iliyo ndogo, imekwenda mbali zaidi: hata kurasa za man ziko kwenye pakiti za -doc. Kwa maoni yangu Debian imepatia. Ukurasa wa man ni mdogo, na unaeleza toleo lile lile lililo kwenye mashine. Ukitafuta mtandaoni unaweza kuangukia chaguo ambalo toleo lako halina. Na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya ilizorota sana. Siku kama hiyo mwanafunzi mwenye `man rsync` anaendelea na kazi.

Kwa kontena, weka mistari hii kwenye `/etc/dpkg/dpkg.cfg.d/01-nyaraka`:

```
path-exclude=/usr/share/man/*
path-exclude=/usr/share/doc/*
path-include=/usr/share/doc/*/copyright
```

Mpangilio una maana: kanuni ya mwisho inayolingana na faili ndiyo inayoshinda, kwa hiyo path-include ikae chini. Usiondoe faili za copyright; ndizo zenye leseni. Jina la faili lisiwe na nukta, kwani `01-nyaraka.conf` haitasomwa, wala hutapewa onyo. Faili hii itangulie `apt-get install` kwenye Dockerfile, faili ya maagizo ya kujenga imeji (kiolezo cha kontena). Ukisakinisha kwanza kisha ukafuta kwa `rm` katika RUN nyingine, yaani hatua nyingine inayoongeza tabaka lake juu, imeji haipungui hata kidogo, kwa sababu tabaka la chini bado linazo.

Kuna yanayovunjika. Kwenye imeji za zamani za Debian slim (zilizopunguzwa ukubwa), usakinishaji wa Java ulikwama update-alternatives, inayounganisha amri na kurasa zake za man, ilipokosa saraka ya man1. Dawa ni `mkdir -p /usr/share/man/man1` kabla ya kusakinisha. Sera ya Debian inakataza programu kutegemea faili za /usr/share/doc ili ifanye kazi, lakini mifano ya usanidi, kama ile ya OpenVPN, hukaa humo, nawe utaikosa. Upande wa RPM, pakiti za Fedora na Red Hat, matoleo ya zamani ya Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya mitambo, yaliweka humo hata SQL ya kuundia hifadhidata. Ukiwa na `tsflags=nodocs`, mpangilio wa kuzuia nyaraka huko, kwenye `/etc/dnf/dnf.conf`, faili hiyo haipo, na kosa linaonekana kama la hifadhidata.

Ukizitaka tena, kuondoa 01-nyaraka pekee hakuzirudishi. Iondoe, kisha endesha `apt-get install --reinstall` kwa kila pakiti unayohitaji. Hapo bando litaliwa mara ya pili.