Kuhusu ile video ya upepo: jibu kwa mdogo wangu wa Kibirizi

Mdogo wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na maneno ya mama mkubwa aliyekuwa akikukumbusha mambo kutoka nyuma. Mnasema video niliyotuma, ninayoonekana nikicheka kando ya bahari huku koti limenivimba mgongoni, imezunguka Kibirizi nzima, hapo kwetu Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wameamua kwamba mwenye nafasi ya kucheza na upepo hana shida ya pesa, kwa hiyo fedha za injini ya boti nazificha makusudi. Maneno hayo yameniuma, na nayajibu kwa maandishi ili hata asiyekuwepo asomewe.

Upepo haulipiwi. Katika mji huu ndicho kitu pekee ninachokipata bila kuulizwa karatasi wala kukatwa kodi.

Niko Fraserburgh, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, mji wa wavuvi kama kwetu, na kazi yangu ni kukata minofu kiwandani. Ukumbi wetu hauna dirisha hata moja, hewa yake hupoozwa ili samaki wasiharibike, sakafu haikauki, na vidole hufa ganzi ndani ya glavu hadi ukitazama kisu mkononi unashindwa kujua kama umekishika au la. Msimamizi huniita kwa namba ya meza ninayosimama, kwa kuwa jina langu hajawahi kuliuliza. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kutua muda mfupi baada ya saa tisa alasiri, hivyo naingia kazini gizani na kutoka gizani. Anayewaambia kwamba huku tunakaa tu katika nyumba zenye joto hajawaambia kwamba joto hilo hulipiwa, nasi wengi huwasha chumba kimoja tu.

Ndiyo maana siku ya mapumziko, upepo ukivuma, natoka.

Natembea hadi Kinnaird Head, rasi iliyo mwisho wa mji, penye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1787. Ni mahali hapohapo ambapo tarehe 13 Februari 1989 kipimo kilisoma mpigo wa upepo wa kilomita 229 kwa saa. Siku kama ile hakuna mwenye akili anayetoka. Ninaoupenda mimi ni ule ambao mabaharia huuita namba 8 katika kipimo cha Beaufort cha nguvu za upepo, kati ya kilomita 62 na 74 kwa saa, wakati kutembea ni kazi lakini bado kunawezekana. Ukipita kona ya ukuta wa mwisho unakupokea kifuani. Unauegemea kwa uzito wako wote na huanguki. Machozi yanatoka yenyewe na kukimbilia masikioni, na midomo inaonja chumvi. Shakwe wananing'inia hewani palepale bila kupiga bawa, mapande ya povu yanaruka kutoka baharini na kuviringika juu ya majani, na kelele ni kubwa kiasi kwamba naimba Kiha kwa sauti yangu yote bila mtu kugeuka. Damu inachemka, mdogo wangu. Mwili uliosimama wiki nzima mbele ya meza yenye namba unakuwa wangu tena, na kicheko mlichokiona ndicho hicho.

Lakini najua upepo kwako wewe ni kitu gani. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi unapolichafua ziwa, boti huvutwa juu mchangani, na ukiangukia usiku wa giza, wakati dagaa wanaifuata taa, mbalamwezi inarudi kabla hamjapata kitu cha kuanika. Nimekua nikimwona mama amesimama mlangoni usiku akisikiliza mawimbi, na sikumbuki hata mara moja tulipoufurahia upepo huo. Mimi naufurahia wa huku kwa sababu mshahara wangu hautegemei kama boti imetoka. Jambo hilo linanielemea kuliko baridi, na hata nikiwa pale rasini, katikati ya kicheko, hunijia.

Fedha nitatuma mwisho wa mwezi, si zote. Kabla ya injini nunueni majaketi okozi, na hilo silijadili.

Unaniuliza kama uje. Usije kwa ajili ya kiwanda. Mikono yako ina ufundi ambao huku hakuna atakayeuona. Ukipata karatasi halali, njoo, kwa sababu mimi mwenyewe sijarudi na sina haki ya kukuzuia. Usilete mwavuli, utavunjika siku ya kwanza. Vaa sufu ndani na koti lisilopitisha maji juu yake, maana hewa ya nyuzi sifuri ikisukumwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwili huihisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Usikanyage ukuta wa bandari bahari ikichafuka, na tahadhari ikitangazwa kaa ndani. Novemba 2021 dhoruba waliyoiita Arwen iling'oa miti bila idadi na kuacha maelfu ya nyumba bila umeme kwa siku kadhaa. Hata hivyo usijifungie. Nimewaona wenzetu wanaolala siku nzima ya mapumziko wakiogopa upepo, na kuta zimewamaliza.

Nina ombi, na huenda ukanikasirikia. Siku boti zikiwa zimevutwa juu na hasara imekwisha kuingia, shuka Kibirizi jioni kabla jua halijazama nyuma ya milima ya Kongo, usimame mbali na mawimbi ukiwa na shati tu, uuache upepo wa kusi ukupige. Huo una joto, mimi sijaupata tangu niondoke. Kisha nirekodie, usiseme neno lolote, nataka kuusikia.