Re: Wasifu wa mama usomwe wakati gani kwenye Misa?

Pole sana dadangu. Umeuliza wasifu wa mama usomwe wakati gani, na uandike nini. Mahubiri si mahali pake. Utaratibu wa Misa ya mazishi unaruhusu mmoja wenu aseme machache baada ya sala ya baada ya komunyo, kabla ya sala za kumuaga marehemu. Muone paroko mapema, maana wengine hutaka usomwe kabla ya Misa.

Shule na vyeo, mstari mmoja watosha. Andika alivyokuwa akivuka feri ya Likoni na chupa mbili za uji wa wagonjwa, rozari mkononi, huku akimkoromea makanga kwa chenji yake. (Usimfanye malaika, jumuiya nzima twamjua!) Nakala ya pili mpe kakako, usije ukazidiwa na kilio katikati.