Kwa nini mkakati mpya wa ulinzi wa Marekani haubadilishi jeshi haraka

Umeuliza kwa nini mkakati wa 2018 uliweka China na Urusi mbele ya ugaidi, lakini miaka kadhaa baadaye jeshi la Marekani lilikuwa karibu lilelile. Jibu liko kwenye bajeti. Pentagon, yaani makao makuu ya jeshi la Marekani, huanza kuipanga takriban miaka miwili kabla ya fedha kutumika, na Congress, bunge la Marekani, ikichelewa kuipitisha, serikali huendeshwa kwa bajeti ya muda. Chini ya bajeti hiyo, kwa kawaida hairuhusiwi kuanzisha mradi mpya wala kuongeza kiwango cha uzalishaji. Miezi hupotea hivyo karibu kila mwaka, na hapo ndipo mageuzi mengi hukwama.

Mageuzi yaliyoshika kweli ni ya Marine Corps, kikosi cha wanamaji wa nchi kavu, mwaka 2020. Mkuu wake, Jenerali David Berger, aliondoa vifaru vyote na kupunguza sana mizinga ili apate fedha za makombora ya kupiga meli. Hakusubiri nyongeza ya bajeti. Majenerali wastaafu walimpinga hadharani, lakini alishikilia.

Halafu kuna viwanda, sehemu inayosahaulika mno. Urusi ilipovamia Ukraine 2022, Marekani ilikuwa ikitengeneza takriban makombora 14,000 ya mizinga ya milimita 155 kwa mwezi. Lengo likapandishwa hadi 100,000. Kuongeza zamu hakutoshi: zinahitajika mashine za kufua chuma, vilipuzi, na mikataba ya miaka mingi, la sivyo mwenye kiwanda hawekezi. Kwa hiyo ukitaka kuupima mkakati wowote, fungua kwanza majedwali ya ununuzi wa silaha ya miaka inayoufuata.