Maswali ya Jikoni: Mmoja Hali Nyama, Mwingine Hali Hata Samli

Barua tulizochagua safari hii zote zinatoka katika nyumba ambazo mtu mmoja au wawili wameacha nyama, na mpishi amebaki anajiuliza aanzie wapi. Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250.

SWALI: Habari za jikoni. Binti yangu amerudi kutoka chuo akiwa vegani: hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, hata chapati ya samli anaisukuma pembeni. Kaka yake ameacha nyama na kuku ila samaki anakula. Baba yao bila nyama anasema hajala. Napika mara tatu kila jioni na mkaa unaniishia. Nifanyeje? – *Mama wa wawili, Tanga*

JIBU: Shikamoo mama. Pika rojo moja la nyanya lisilo na kitu chochote cha mnyama, kisha uligawe. Ukianza na mchuzi wa nyama huna pa kurudi: hata vipande ukivitoa vyote, supu yake imeshaingia.

Kwa watu watano, katakata vitunguu maji vikubwa 4 na uvikaange kwa robo kikombe ya mafuta ya alizeti mpaka kingo zianze kuwa kahawia, kama dakika 12. Hapo usiwe na haraka, maana katika mchuzi usio na nyama utamu mwingi unatoka kwenye kitunguu. Tia kijiko 1 cha chakula cha saumu iliyotwangwa na kimoja cha tangawizi, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba na kimoja cha binzari ya manjano. Zikishanukia, ongeza kilo 1 ya nyanya mbivu zilizokunwa, vijiko 2 vya chakula vya nyanya ya kopo na kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi. Acha lichemke bila kifuniko mpaka mafuta yajitenge na kuelea juu. Rojo lililoepuliwa kabla ya hapo huwa na ukali wa nyanya mbichi, na watu wataanza kuomba sukari.

Sasa gawa, na fungu la binti litoke kwanza, kwa mwiko ambao haujagusa kitu kingine. Humo zitie mbaazi zilizokwisha kuiva, vikombe 2. Fungu la kaka ni la samaki: changu au kolekole, vipande 4, vipakwe chumvi na ndimu kwa dakika 15 tu. Ukivilaza na ndimu saa nzima, ile asidi inaanza kuikaza nyama ya samaki kabla ya moto, na kikaangoni vinakauka na kumeguka. Futa maji, kaanga dakika 3 kila upande, weka kwenye rojo dakika 5 za mwisho. Usikoroge; shika masikio ya sufuria utikise. Fungu la baba lipokee nyama iliyochemshwa pembeni mpaka ikalainika.

Mambo mawili huharibu kazi yote hii. La kwanza ni mafuta: yaliyokaangia samaki yasikaangie viazi vya binti. La pili ni vitu vya dukani. Vidonge vya mchuzi vingi vina mafuta au ladha ya kuku na ng'ombe, baadhi ya margarini zina maziwa, na mikate laini mara nyingi hutiwa maziwa au siagi. Soma maandishi ya pakiti. Asali nayo vegani hali.

Chapati haihitaji samli. Unga wa ngano vikombe 3, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai, na tui vuguvugu kikombe 1 (ongeza maji kidogo kidogo ikiwa unga bado mkavu). Kanda dakika 10, funika nusu saa, sukuma, paka mafuta, kunja, sukuma tena. Zikitoka ngumu, lawama iende kwenye moto. Chuma kisichopata joto hulazimisha chapati ikae muda mrefu, ikauke kabla ya kubabuka.

SWALI: Mkwe wangu hali nyama, basi nampikia mbaazi za nazi. Mara nyingi tui linakatika, mafuta huku, maji kule. Nimeambiwa nazi za siku hizi ni mbaya. Kweli? – *Dada, Mombasa*

JIBU: Nazi msiisingizie, dada. Tui hukatika kwa moto mkali na kwa ukali wa ndimu, ukwaju au nyanya zinapolikuta likichemka.

Nazi moja kubwa iliyokunwa, itie maji vuguvugu kikombe 1, kamua: hilo ni tui zito, liweke kando. Tia tena vikombe 2, kamua tui jepesi. Mbaazi kavu vikombe 2 zilowekwe usiku kucha, zichemshwe kwa maji mapya mpaka uikandamize moja kwa kidole na kidole ipondeke bila kubaki kiini kigumu. Punguza maji, tia tui jepesi, kitunguu, pilipili na chumvi, zichemke dakika 10. Ndipo moto uushushe kabisa, hata ikibidi upakue makaa nusu, na umimine tui zito huku ukikoroga bila kuacha. Likianza kutoa mapovu madogo pembeni, dakika 3 zinatosha. Usifunike. Kama unapenda ukwaju, utie baada ya kuepua.

Likiwa limeshakatika, chota upawa mmoja wa mbaazi, ziponde ziwe uji mzito, uzirudishe na kukoroga. Ule wanga hulishika tui tena. Halitakuwa kama la mwanzo, lakini mezani hakuna atakayejua.

SWALI: Tangu mume wangu aache nyama tunapika maharage mara nne kwa wiki. Yanachukua saa tatu, na jirani ananishauri nitie magadi. Kuna ubaya? – *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Magadi yanalainisha kweli, ila yanaharibu vitamini B1, na yakizidi maharage yananuka sabuni. Angalia kwanza mambo matatu. Maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka hayaivi vizuri hata uyachemshe kutwa, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya msimu gani. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hukaza ganda. Ukipata ya mvua, hayo ndiyo ya maharage. Na nyanya au ndimu visiingie sufuriani kabla hayajalainika.

Yaloweke saa 8 hadi 12, umwage yale maji. Kama maji yenu ni magumu sana, robo kijiko cha chai cha magadi kwa nusu kilo inatosha, nayo iwe kwenye maji ya kuloweka tu, kisha suuza.

Tahadhari moja kwa wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa mkaa: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haifi kwa joto la chini. Yachemke kwa nguvu, mapovu yakirukaruka, angalau dakika 10 nzima kabla sufuria haijaingia kikapuni. Anayeruka hatua hii ndiye anayelala akitapika na kuharisha, halafu lawama anapewa mboga nyingine.

SWALI: Mdogo wangu ana miezi minne hajala nyama. Anakula ugali na mchicha, na analalamika uchovu. Mama anasema ni damu imekwisha. Nimpikie nini? – *Kaka mtu, Mwanza*

JIBU: Kaka, kwanza aende akapimwe damu, maana uchovu una sababu nyingi na malaria ni mojawapo. Lakini sahani yenyewe nayo inajieleza: nyama iliondolewa na hakuna kilichowekwa mahali pake. Ugali na mchicha ni chakula cha pembeni.

Weka karanga. Gramu 100 za karanga zilizokaangwa na kutwangwa, zikorogwe na kikombe 1 cha maji ya moto, zimiminwe kwenye mchicha uliokwisha kuiva nusu, moto mdogo dakika 8. Hizo peke yake zina protini gramu 25 hivi. Koroga hadi chini, karanga huungua haraka. Siku nyingine choroko, kunde au njugu mawe. Akamulie ndimu mezani, kwani vitamini C husaidia mwili kuvuna madini ya chuma ya mboga. Chai aiweke mbali na mlo, saa moja au zaidi, kwa sababu inayazuia.

Kuna jambo moja mboga haziwezi: vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina ya kutegemewa, iwe uyoga au mwani. Ini huweka akiba ya muda mrefu, hivyo miezi minne ni mapema kuilaumu, ila akiendelea bila chochote cha mnyama lazima atumie vidonge au vyakula vilivyoongezwa B12. Hili halina mbadala wa kienyeji.

Kama samaki anakula, mko Mwanza na dagaa mnao mlangoni. Wamwagie maji ya moto, waloweke dakika 10, wasuuze mara tatu au nne mpaka maji yasiache mchanga chini ya bakuli. Vichwa vitoe, ndivyo vyenye uchungu. Wakaange peke yao mpaka wakauke na kulia wakikorogwa, ndipo uweke kitunguu na nyanya. Wakiingia kwenye rojo wakiwa na maji wanageuka uji.

SWALI: Kisamvu bila dagaa wala nyama kinakuwa hakina ladha. Na je, naweza kukipika haraka? Mke wangu ni mjamzito, samaki anakula. – *Baba mtarajiwa, Dar es Salaam*

JIBU: Haraka hapana. Majani ya muhogo yana sianidi. Yatwangwe mpaka yalainike kabisa, yachemshwe bila kifuniko saa moja au zaidi ili sumu itoke na mvuke. Kwa ladha, choma bilinganya 1 na nyanya 3 juu ya mkaa mpaka maganda yaungue, yamenye, yaponde, uyatie pamoja na tui zito na karanga. Ule moshi ndio uliokuwa unautafuta kwenye dagaa. Kuhusu samaki wa mama mjamzito: dagaa, vibua na sato ni sawa, wakiwa wameiva vizuri. Papa na nduaro waacheni mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha, kwani samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki nyingi mwilini.